Mtoto Wetu Amezaliwa na Sindromu ya Down: Tuanzie Wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni baba wa watoto watatu, ninaishi Muheza, mkoani Tanga. Mtoto wetu wa tatu, wa kike, ana wiki nne sasa. Siku ya pili baada ya kuzaliwa, daktari alimtazama macho, shingo na viganja, akatuambia kuwa ana sindromu ya Down, kisha akaenda kitanda cha pili na hatukumwona tena. Mke wangu ana miaka 26. Mama yangu anasema katika ukoo wetu jambo hilo halijawahi kuonekana. Wengine wanasema ni ile sindano ya uzazi wa mpango aliyokuwa akichoma, wengine wanasema damu zetu hazipatani, na jirani anasema huo ni mtindio wa ubongo. Wiki mbili zijazo ni arobaini yake, na mama anashauri tusialike watu. Mtoto mwenyewe ni mpole, hasumbui, ila kunyonya kwake ni kwa taabu. Hulala na ziwa mdomoni na paji la uso linalowa jasho. Ninaomba kujua nini kimesababisha haya, kama atasoma, na kama tukizaa tena itakuwa hivyo hivyo.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongereni sana kwa kupata binti. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mtu yeyote amewapa hongera, na sikupaona. Inaelekea tangu siku ile ya pili wodini watu wamekuwa wakija kwenu kutoa pole, kwa hiyo ninaomba hongera hii uifikishe kwa mama wa mtoto kabla hujamsomea yanayofuata.

Umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote. Lakini jambo lililonishtua katika barua yako halimo kwenye maswali hayo. Umelitaja kwa kupita, kana kwamba ni tabia ya mtoto tu. Umesema ananyonya kwa taabu, analala na ziwa mdomoni, na paji lake la uso linalowa jasho. Kwa mtoto mwingine wa wiki nne ningeuliza kwanza kama chumba kina joto au kama amefunikwa mablanketi mengi. Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down, jasho la wakati wa kunyonya ninalichukulia kuwa ni la moyo mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Hilo ndilo la kuanzia, na haliwezi kungoja arobaini ipite.

Kati ya watoto wanaozaliwa na hali hii, karibu nusu huzaliwa wakiwa na kasoro ya moyo. Iliyo maarufu zaidi kwao ni tundu lililo katikati kabisa, pale ambapo kuta zinazogawa vyumba vinne vya moyo zingepaswa kukutana, pamoja na vali, yaani milango ya kupitishia damu, ambazo hazikugawanyika sawasawa. Damu ambayo imekwisha kupata hewa safi, badala ya kwenda mwilini, sehemu yake hurudishwa tena mapafuni, na moyo hulazimika kupiga kazi ileile mara mbili. Kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote anazozifanya mtoto mchanga. Kwa mwenye tundu la namna hiyo ni kama kuupanda mlima wa Amani na mzigo kichwani. Ndiyo maana anatoka jasho, anaachia ziwa ili apumue, kisha usingizi unamchukua kabla hajashiba. Na huo upole unaousifu, ndugu yangu, unaweza kuwa ni uchovu.

Pengine mtasema kwamba daktari alimwekea kipimo kifuani siku ya pili na hakusikia kitu. Inawezekana kabisa, na hakukosea. Katika siku za mwanzo shinikizo la damu ndani ya mapafu ya mtoto bado liko juu, kwa hiyo damu haivuki kwa nguvu kupitia tundu na hakuna mvumo wa kusikika. Kadiri wiki zinavyopita shinikizo hilo hushuka, damu huanza kumiminika upande wa mapafu, na dalili hujitokeza, mara nyingi kati ya wiki ya nne na ya nane. Ninyi mko hapo hapo. Kwa sababu hiyo kila mtoto mwenye sindromu ya Down anapaswa kufanyiwa eko ya moyo, hata kama haonyeshi dalili yoyote. Eko ni kipimo cha mawimbi ya sauti, ndugu yake ile utrasaundi aliyofanyiwa mama akiwa mjamzito. Hakichomi wala hakiumi.

Usiku wa leo fanya jambo moja. Mtoto akiwa amelala fofofo, mfunue kifua na tumbo, washa taa, chukua saa ya simu, uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa kuwa pumzi za mtoto mchanga huenda kwa vipindi. Zikifika 60 au zaidi, subiri kidogo uhesabu tena. Zikirudi hivyo hivyo, au ukiona nyama za chini ya mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vina rangi ya bluu, au amekataa kunyonya kabisa, basi usingoje asubuhi. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kesho chukueni kadi ya kliniki mkapime uzito. Mtoto wa umri wake anatarajiwa kuongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, na huyu wenu anaweza kuwa chini kidogo ya hapo, lakini uzito uliosimama palepale kwa wiki mbili ni ushahidi wa kutosha wa kuomba rufaa.

Rufaa ianzie kituo mlichopo, ipite hospitali ya mkoa, ambayo kwenu ni Bombo, na kama tundu litaonekana, safari itaishia Muhimbili, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako watoto hupasuliwa moyo hapa hapa nchini. Kwa kasoro ile niliyoieleza, upasuaji hupangwa kwa kawaida kabla mtoto hajatimiza miezi sita hivi. Sababu ni kwamba mapafu yanayopokea damu nyingi kupita kiasi hujilinda kwa kukaza mishipa yake, na mishipa ikishakakamaa, kuziba tundu hakusaidii tena, hata kunaweza kumdhuru. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka minne ambaye wazazi wake walihangaika naye kwa miaka mitatu kutafuta shule ya kumpokea, wakapiga magoti katika kila mlango, na moyo wake haukuwa umepimwa hata siku moja. Walipofika kwangu vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuvimba nchani na kucha zina rangi ya zambarau. Hawakuwa wazazi wazembe. Walitazama mbali kwa sababu hakuna aliyewaelekeza watazame karibu.

Kuhusu gharama, sera ya nchi inasamehe matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali, lakini anayekuambia kwamba kila kipimo kinapatikana bure hajawahi kusimama kwenye dirisha la malipo. Muulizieni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla hamjakwama, kwa kuwa yeye ndiye anayepitisha maombi ya msamaha kwa wasio na uwezo.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu historia yenyewe inalithibitisha. Huko Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down aliishi kwa wastani miaka 25 tu. Leo wastani huo unakaribia 60. Kromosomu, yaani vile vinyuzi vya urithi ndani ya chembe za mwili ambavyo ndivyo chanzo cha hali hii, hazikubadilika katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni kwamba madaktari waliacha kusema "mwacheni tu, ndivyo alivyo", wakaanza kuwatengeneza moyo na kuwatibu vichomi kama watoto wengine wote.

Wakati mnangoja tarehe ya eko, mtoto lazima ale. Misuli yake ni legevu, mdomo wake ni mdogo, na ulimi unajitokeza mbele kwa sababu hauna nafasi wala nguvu ya kukaa ndani. Si kwamba ni mrefu. Mwambie mkeo ajaribu hivi: kiganja kishike ziwa kwa chini kwa vidole vitatu, na kidole gumba pamoja na cha shahada viachwe huru mbele ya chuchu vikifanya umbo la U, kidevu cha mtoto kikae kwenye shimo la U hiyo na vidole viwili vibane mashavu kwa upole. Kwa njia hiyo taya haliteremki na ulimi hupata pa kushikia. Mtoto asingoje kulia ndipo anyonyeshwe, maana huyu hatalia. Aamshwe kila baada ya saa mbili au tatu, avuliwe nguo nzito, apanguswe nyayo kwa kitambaa chenye unyevu. Akichoka baada ya dakika kumi asilazimishwe: maziwa yaliyobaki yakamuliwe kwenye kikombe safi apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, akiwa ameinuliwa. Chupa ya kunyonyea kaeni nayo mbali. Ni ngumu kuisafisha, na kuhara kwa mtoto huyu ni hatari mara mbili. Watoto wengi wa hali hii waliokuwa wakinyonya kwa shida mwezi wa kwanza hunyonya vizuri kabisa kufikia mwezi wa tatu, kwa hiyo maziwa ya mama yasiachwe yakauke.

Baada ya moyo kuna mengine, na nitayapitia kwa haraka kwa kuwa yana nafasi ya kupangwa. Tezi ya shingo, ambayo hospitalini huiita thairoidi, mara nyingi huwa dhaifu kwa watoto hawa, na dalili zake ni usingizi mwingi, choo kigumu na uzito wa kujongea, yaani mambo ambayo kila mtu atasema ni ya Down tu. Ni kipimo cha damu, na dawa yake ni kidonge rahisi cha kila siku. Kwetu watoto wachanga hawapimwi tezi hiyo kama jambo la kawaida, kwa hiyo ombeni wenyewe: sasa, akiwa na miezi sita, akitimiza mwaka, kisha kila mwaka. Siku hiyo hiyo ombeni na picha kamili ya damu, kwa kuwa baadhi yao huzaliwa na chembe nyeupe zisizo za kawaida ambazo mara nyingi hutoweka zenyewe lakini zinahitaji kufuatiliwa. Macho yatazamwe kabla ya miezi sita, hasa kama mboni ina weupe. Akitapika matapishi ya kijani, au tumbo likavimba na choo kikakataa, hiyo si ya kuweka ahadi. Ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 asikose hata moja, maana kichomi humpata kwa wepesi na humwelemea kwa nguvu.

Masikio yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Njia za masikio ya watoto hawa ni nyembamba, na nyuma ya ngoma ya sikio hukusanyika majimaji mazito ambayo hayaumi wala hayatoki nje. Mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji. Anaitwa hageuki, anaambiwa neno halirudii, na watu wanahitimisha kwamba akili yake imegota hapo. Apimwe usikivu akifika miezi sita na arudiwe kila baada ya miezi sita hadi mwaka. Katika kliniki nimewaona watoto wa miaka mitatu ambao walizibuliwa masikio Jumatatu na kufikia mwisho wa mwezi wakawa wanaita "mama".

Sasa chanzo. Kila chembe ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, zikiwa zimepangwa jozi kwa jozi. Mtoto wenu, kwa uwezekano mkubwa, ana 47, kwa kuwa ya namba 21 amepata tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866 kwa kuangalia sura tu, akiwafananisha wagonjwa wake na watu wa Mongolia. Jina hilo la kudhalilisha lilitumika kwa karibu miaka mia, na mtaani kwetu bado kuna wanaosema "mtoto wa Kichina". Sababu yenyewe ilijulikana mwaka 1959, Wafaransa walipoihesabu hiyo kromosomu ya ziada chini ya hadubini.

Ziada hiyo hutokana na kuteleza kwa mgawanyiko wa kromosomu, mara nyingi katika yai la mama na mara chache katika mbegu ya baba. Na hapa ningependa bibi wa mtoto asikilize vizuri. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko huo yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha hulala hapo kwa miaka mpaka zamu yao ifike. Mkeo hakula kitu, hakuvuka kitu, hakumcheka mlemavu akiwa mjamzito, hakuchoma sindano yoyote inayoweza kuongeza kromosomu. Sindano ya uzazi wa mpango huzuia yai kutoka; haina njia ya kulibadilisha. Damu kutopatana ni jambo la kweli, lakini madhara yake ni manjano na upungufu wa damu, na mtoto wa namna hiyo ana kromosomu zake 46 kamili. Mtindio wa ubongo nao ni kitu kingine kabisa: huko ubongo umeumia, aghlabu kwa kukosa hewa au kwa maradhi karibu na kuzaliwa, na misuli mara nyingi hukakamaa, ilhali ya binti yenu ni legevu. Kutenganisha majina haya kuna faida, kwa kuwa mazoezi ya mmoja si ya mwingine. Ama mama yako anaposema jambo hili halijawahi kuonekana katika ukoo, anasema kweli, na ndivyo ilivyo kwa takriban familia zote zinazopata mtoto wa hali hii.

Umri wa mama una uzito wake: kwa mwanamke wa miaka 25 uwezekano ni kama mtoto 1 kati ya 1,250, kwa wa miaka 35 ni 1 kati ya 350, na kwa wa miaka 40 ni 1 kati ya 100. Lakini wanaozaa zaidi ni vijana, hivyo watoto wengi wenye sindromu ya Down wana mama vijana kama mkeo.

Kwa uzao ujao, karibu watoto 95 kati ya 100 wenye hali hii wana kromosomu nzima ya ziada iliyokuja kwa kuteleza huko, na kwa wazazi wao uwezekano wa kumpata mwingine ni kama 1 kati ya 100. Watatu au wanne kati ya mia wana namna nyingine, ambapo kipande cha kromosomu 21 kimejishikiza kwenye kromosomu nyingine, na hapo mzazi mmoja, mwenye afya yake kamili, anaweza kuwa amekibeba bila kujua. Uwezekano wa kurudia huwa mkubwa zaidi. Namna hizi mbili hazitofautishwi kwa kumtazama mtoto usoni. Kinachozitenganisha ni kipimo cha kromosomu, ambacho hakifanyiki kila hospitali, na sampuli mara nyingi husafirishwa mbali. Kiombeni, kwa kuwa ndicho kitakachothibitisha hali yake na kuwapa jibu la swali lenu. Ila msisubiri majibu yake ndipo mpime moyo.

Kuhusu arobaini, mimi si sheikh wala si mzee wa mila, na mama yako ninamheshimu. Ninaelewa anachokiogopa: macho ya watu na maneno ya jikoni. Hata hivyo kwa yale niliyoyaona miaka hii, mtoto anayefichwa siku ya arobaini hufichwa na siku ya kliniki. Mama humfunika uso kwa kanga kwenye foleni, kisha huanza kuchagua siku ambazo foleni ni fupi, kisha huacha kuja. Mtoeni kama mlivyowatoa kaka na dada zake, akiitwa kwa jina lake, kwa kiasi kilekile. Watu wakikusanyika, useme wewe baba, mkeo asiachiwe kazi hiyo. Si lazima hotuba. Inatosha kusema: "Binti yetu amezaliwa na hali inayoitwa sindromu ya Down. Haiambukizi, hakurogwa, na hakuna aliyekosea. Atachelewa mambo mengine, na kwa sasa tunashughulikia moyo wake." Ukilisema wewe mara moja mbele ya wazee, mkeo hatalazimika kulieleza mara mia akiwa peke yake kisimani.

Mkeo naye mtazame. Mwanamke aliyejifungua mwezi mmoja uliopita, anayelala vipande vipande, na anayesikia wakwe wakiuhoji ukoo wake, anaweza kuzama katika huzuni ambayo inahitaji matibabu. Akiwa anaweza kulia, kukasirika, kusema hakumtarajia mtoto huyu, mwache aseme. Wengi hupita hapo na bado humpenda mtoto. Akiwa hali, halali hata mtoto anapolala, au anasema afadhali afe yeye au mtoto, mpeleke hospitali kama ungempeleka akiwa na homa kali. Wewe pia una haki ya kulia. Nimewaona kina baba wengi waliomezea huzuni mpaka ikawatoa nyumbani.

Atasoma? Atajifunza; kasi na kikomo chake hakuna anayeweza kuvitaja leo, na anayedai kuvijua akiwa ametazama kiganja cha mtoto wa siku mbili msimsikilize. Kwa wastani watoto hawa hukaa wenyewe wakikaribia mwaka mmoja na hutembea wakiwa na miaka miwili hivi, lakini wako wanaotembea na mwaka mmoja na nusu na wako wanaongoja hadi wa nne. Maneno huchelewa kuliko kuelewa, kwa hiyo msemesheni sana, na mfuatishe maneno kwa ishara za mkono: njoo, kula, maji, basi. Kwa kuwa misuli ni legevu, mtaona akilala miguu inaanguka pembeni kama ya chura. Kunja kanga mbili ziwe kama mito mirefu mziweke nje ya mapaja yake ili yasogeleane. Akiwa macho, mara kadhaa kwa siku, mlazeni kifudifudi kifuani kwako wewe baba, umwite aunyanyue uso. Shingo ikiwa bado haijakaza, abebwe kwa mbele kichwa kikiwa kimeegemezwa. Na hata akiwa mkubwa, michezo ya kupindua kichwa iwe kwa ruhusa ya daktari, kwa sababu mifupa ya juu ya shingo yake hushikana kwa ulegevu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu, na mkoani kwenu, huko Irente, Lushoto, kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha. Vitengo ni vichache na madarasa yamejaa, sitakuficha. Lakini hilo ni la miaka mitano ijayo. Watu watawaletea pia mfano wa Pablo Pineda wa Hispania, aliyemaliza chuo kikuu akiwa na hali hii. Ni habari njema na ni ya kweli, ila msimfanye kipimo cha binti yenu. Mimi humkumbuka zaidi msichana mmoja wa miaka 17 ninayemfuatilia, ambaye kila asubuhi hufungua genge la bibi yake, hupanga nyanya mafungu ya tano tano, na ukijaribu kuchukua fungu lenye nyanya nne anakushika mkono mpaka akuongezee ya tano. Hajui kusoma gazeti. Alipasuliwa moyo akiwa na miezi mitano.

Watakuja pia wauzaji wa virutubisho vya kuchangamsha ubongo, wengine wakiwa na makoti meupe. Hakuna dawa, mafuta wala unga unaoondoa kromosomu ya ziada, na fedha hizo mtazihitaji.

Kwa hiyo hesabu pumzi usiku wa leo, kesho asubuhi mkapime uzito na kuomba barua ya rufaa, na humo mwambie daktari aandike wazi kwamba mtoto anatoka jasho wakati wa kunyonya. Nendeni nyote wawili, wewe na mkeo. Mbuzi wa arobaini anunuliwe, lakini nauli ya Dar es Salaam itengwe kwanza.